Ukilalamika shuleni, karatasi yako inaenda wapi?

Mwezi huu barua na meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na nne kati ya hizo zinazungumzia kitu kimoja, mtoto kubaguliwa shuleni na mzazi asijue aanzie wapi. Nimeamua ukurasa wote niwape hao. Wa vikoba na wa mbegu za korosho mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao.

Swali: Mwalimu shikamoo. Mi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Newala vijijini. Muhula huu tumeambiwa tupitie upya kanuni za shule yetu, hasa sehemu ya ubaguzi na malalamiko ya wanafunzi. Nimeletewa karatasi, imeandikwa hivi tu: "Wanafunzi wote ni sawa. Mwanafunzi mwenye malalamiko aonane na mwalimu wa zamu." Wenzangu wanasema inatosha tupige mhuri tuondoke. Mi moyo unakataa ila sijui niongeze nini, nimeishia darasa la saba na naogopa wataniona najifanya mjuaji. *Mjumbe, Newala*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo darasa la saba yako usiitaje tena kwenye kikao, mana umeshaona kitu ambacho wenye vyeti wamepita juu yake.

Hebu isome hiyo karatasi kama vile we ni mtoto wa darasa la nne mwenye shida leo asubuhi. Unaambiwa muone mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu anabadilika kila wiki, Jumatatu hii ni huyu Jumatatu ijayo mwingine, aliyekusikiliza Ijumaa mchana zamu yake imeisha na anayeingia hajui chochote, hakuna palipoandikwa, kwa hiyo lalamiko lako linakufa wikiendi. Na kama unayemlalamikia ndo huyo huyo mwalimu wa zamu sasa uende kwa nani? Hapo tu karatasi yenu imeshaanguka.

Halafu "wanafunzi wote ni sawa". Maneno mazuri lakini hayamlindi mtu. Sheria zenyewe haziishii hapo, zinataja. Katiba yetu ibara ya 13 inasema kubagua maana yake nini, inataja kabila, pahala mtu alipotokea, dini, rangi, jinsia, hali yake ya maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 5 inaenda mbali zaidi, inaongeza lugha, ulemavu, afya, mila, kutoka kijijini au mjini, uwezo wa wazazi, mpaka ukimbizi. Kwa nini wametaja yote hayo? Kwa sababu ukisema "sawa" tu kila mtu anaitikia halafu anaendelea na alichokuwa anafanya. Kwa hiyo andikeni yale yanayotokea hapo kwenu. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa mchango wa uji wakati serikali imeshasema mara nyingi mtoto asirudishwe kwa sababu ya mchango. Binti aliyetoka unyagoni anachekwa darasani, na mwalimu naye anacheka. Mtoto wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma anaitwa majina. Mtoto mwenye ualbino anaambiwa avue kofia paredi kwa sababu sare ni sare, na jua la Newala saa nne mnalijua. Hilo la mwisho liangalieni vizuri, hapo kila mtoto ametendewa sawa kabisa, kofia hakuna kwa wote, na bado mmoja anaungua ngozi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo kwa ajili hiyo, mtoto mwenye mahitaji yake apewe yale yatakayomfanya asome na wenzake.

Nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Kuna shule nilifundisha zamani, siitaji. Sanduku la maoni lilikuwepo, la mbao, limepakwa rangi ya bluu, limetundikwa ukutani juu kabisa pembeni ya mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Mtoto wa darasa la tatu hafiki mpaka apande kiti, na kiti akaombe humo humo ofisini. Kufuli lilikuwa na kutu na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Siku moja tukaambiwa wakaguzi wanakuja, tukalivunja tuliwekee kufuli jipya. Ndani mlikuwa na mayai ya mjusi na karatasi moja ya daftari la mistari imekunjwa mara nne. Imeandikwa kwa penseli, "mwalimu naomba nisikae nyuma sioni". Haina jina wala tarehe. Tulimjua wote, mtoto mwenye ualbino shuleni pale alikuwa mmoja, mrefu wa darasa la sita, na watoto wenye ualbino wengi macho yao hayaoni mbali. Alikuwa ameshaacha shule tangu mwaka wa nyuma. Mi nilikuwa namfundisha hesabu na alikaa nyuma mwaka mzima sikumuuliza hata siku moja kwa nini haandiki.

Kwa hiyo mwanangu nikikuambia uulize karatasi inaenda wapi naongea kitu nakijua. Kwenye kikao uliza haya na usikae chini mpaka yamejibiwa: lalamiko linapokelewa na nani, kwa cheo chake, na kama yeye ndo mlalamikiwa linapokelewa na nani badala yake. Linaandikwa wapi. Linajibiwa ndani ya siku ngapi. Jibu linatoka kwa mdomo au kwa maandishi. Asiyeridhika anaenda wapi. Mi ningependekeza walimu wawili wa kudumu, mmoja wa kike mmoja wa kiume, mwalimu wa malezi awe mmojawapo, na daftari kubwa la kaunta lenye tarehe, nini kimesemwa, nani kapokea, hatua gani imechukuliwa, tarehe ya jibu. Siku 3 za kumwambia mzazi kwamba tumepokea na siku 14 za kumjibu. Hizo siku ni pendekezo langu tu, nyie mnaweza kuweka nyingine, ila zikae kwenye karatasi kwa tarakimu, msiandike "mapema iwezekanavyo", mana msimu wa korosho ukianza hiyo mapema inakuwa Januari.

Na asiyejua kuandika asikataliwe. Huko kwenu kuna bibi analea wajukuu sita na Kiswahili chake cha kuunga unga, akija akaongea Kimakonde aandikiwe, asomewe alichosema, aweke dole gumba.

Njia ya kupanda juu ipo tayari, msibuni. Ukimaliza kwa mwalimu mkuu kuna kamati yenu, halafu Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Msingi pale halmashauri. Kosa la nidhamu la mwalimu wa serikali lina mahali pake, Tume ya Utumishi wa Walimu, wana ofisi wilayani. Shule za sekondari ni hivyo hivyo ila wao wana bodi na Afisa Elimu Sekondari. Mbandike hiyo njia ukutani kwa maandishi makubwa, kimo cha mtoto.

Kuna jambo moja msilitie humo kabisa. Mtoto akishikwa vibaya, akibakwa, akipewa mimba, akipigwa mpaka kuumia, hiyo sio kesi ya kamati. Hakuna siku 14, hakuna kuwaita wazee wayamalize kwa mbuzi na hela. Ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyo hiyo, na Afisa Ustawi wa Jamii ajue. Ukiwa mbali na gari hakuna piga 116, ni bure. Nimeona kamati nzima imekaa kivulini kwenye mkorosho inapatanisha jambo ambalo ni jinai, na kila aliyekaa pale alikuwa mtu mwema. Iandikeni kabisa kwenye kanuni kwamba kamati haina mamlaka ya kusuluhisha hayo, ili siku shemeji yako atakapokuja usiku kukuomba uwe na cha kumwonyesha.

La mwisho kwako, kisasi. Karibu kanuni zote za shule nilizowahi kushika zinasahau. Mzazi analalamika Jumanne, Jumatano mtoto anatandikwa kwa "kuchelewa namba". Andikeni kwamba kumwadhibu au kumsema mtoto kwa sababu amelalamika ni kosa jipya linalojitegemea. Na mkumbushane kanuni za viboko za mwaka 2002, fimbo haizidi 4, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike shule ikiwa naye, na inaandikwa kwenye kitabu. Ombeni kukiona hicho kitabu kila muhula, mlinganishe tarehe zake na tarehe za daftari la malalamiko. Mi viboko sivipendi hata kimoja, lakini maadam vipo kwenye kanuni basi angalau zifuatwe.

Swali: Asalaam aleykum mwalimu. Dada yangu anaishi Marekani, jimbo la Ohio, kahamia huko na mumewe. Binti yao wa miaka 12 anavaa hijabu, wenzake shuleni wanamvuta ushungi na wanamwambia arudi Afrika. Dada kapewa kijitabu na shule cha sera ya kutobagua na jinsi ya kulalamika, Kingereza chake kidogo, amenitumia picha za kurasa wasapu nikutumie. Anaogopa akilalamika watamletea shida ya vibali. Amwambie nani? *Msomaji, Mikumbi, Lindi*

Jibu: Waaleykum salaam. Nimezisoma kurasa zote usiku mmoja na nimemsaidia mjumbe wetu wa Newala kwa sehemu kutokana na hizo, kwa hiyo dada yako amefundisha mpaka huku.

Kwanza aelewe mpangilio wa kule. Shule za serikali zinasimamiwa na kitu kinaitwa wilaya ya shule, ambayo sio wilaya kama yetu ya DC na DED, ni mamlaka ya shule peke yake, mara nyingi ina bodi iliyopigiwa kura na wakazi, na hiyo bodi ndo inapitisha sera na kuzipitia upya. Vikao vya bodi viko wazi, mzazi anaruhusiwa kwenda. Lakini bodi haiandiki inavyotaka, juu yake kuna sheria za taifa. Atakapoona kwenye kijitabu wametaja Title VI ni ya mwaka 1964, inakataza ubaguzi wa rangi na asili ya taifa kwenye shule inayopokea hela ya serikali kuu. Title IX ni ya 1972, ya jinsia. Section 504 ni ya 1973, ya ulemavu. "Rudi Afrika" inaangukia ile ya kwanza moja kwa moja. Dini peke yake haimo kwenye hiyo ya 1964, ila mtoto akisumbuliwa kwa asili yake na ushungi wake kwa pamoja inahesabika, na kwa dini yenyewe Wizara ya Sheria ya kule ina mamlaka juu ya shule za umma. Kwa hiyo aandike yote mawili, alichovutwa na alichoambiwa, asichague.

Ukurasa wa pili wa hizo picha kuna cheo cha mtu, namba ya simu na anwani ya ofisi. Huyo ndo wa kumwandikia. Aeleze siku, saa, nani alikuwepo, binti alisema nini na mwalimu alifanya nini. Aombe jibu kwa maandishi. Na kabla ya yote aombe mkalimani wa Kiswahili, asione aibu na asimtumie binti mwenyewe kutafsiri mambo yake, shule inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa na mzazi halipi. Haki ya watoto wasiojua Kingereza kule ina historia, mwaka 1974 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ikasema kuwapa kitabu kile kile na mwalimu yule yule hakutoshi kama lugha hawaielewi. Nikisoma hiyo nakumbuka ile kofia ya paredi.

Shule isipomsikiliza kuna Ofisi ya Haki za Kiraia ndani ya Wizara ya Elimu, malalamiko yanapelekwa ndani ya siku 180 tangu tukio. Azihesabu kwenye kalenda leo hii. Nisimpe matumaini ya haraka, Machi 2025 serikali yao ilitangaza kufunga ofisi 7 kati ya 12 za mikoa za idara hiyo, na ya Cleveland iliyokuwa inahudumia Ohio ni mojawapo, kwa hiyo foleni inaweza kuwa ndefu. Ndo mana barua ya shuleni iwe nzuri tangu mwanzo. Kuhusu vibali, fomu ya malalamiko haiulizi uraia wake, na kisasi kwa aliyelalamika kimekatazwa na sheria hizo hizo. Mpe pole zangu, na binti umwambie tunamjua.

Swali: Mwl mwanangu yupo darasa la 5 hapa Mtwara mjini. Bibi mzaa baba yake alivuka Ruvuma zamani, mtoto kazaliwa hapa hapa Ligula lakini darasani wanamwita mmawia, yaani Mmakonde wa kutoka Msumbiji, sasa hata mwalimu kaanza, akikosea Kiswahili anaambiwa "mmawia huyo mwacheni". Hataki tena kwenda shule. Baba yake anasema tunyamaze tusijitangaze. *Mama, Chuno*

Jibu: Mama pole sana. Nimeisoma hii nikaiweka chini nikairudia.

Usinyamaze. Nikwambie na baba mtoto kwa heshima zote, namwelewa anatoka wapi, ila aliyejitangaza hapa ni mwalimu. Hao wanaoitwa Wamawia wamekuja huku vizazi kwa vizazi, wapo waliokuja kwenye mashamba ya mkonge, wapo waliokimbia vita ya ukombozi wa Msumbiji kuanzia 1964, Nachingwea kulikuwa na kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, na watu wa huku waligawana nao muhogo. Na hata kama familia ingekuwa imevuka juzi kwa machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Sheria ya Mtoto imetaja ukimbizi kwa jina lake. Hakuna mlango ambao huyo mwalimu anaweza kupitia akawa sahihi.

Andika barua, ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Nakuandikia mfano:

"Mwalimu Mkuu, mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la 5. Tarehe fulani kipindi cha Kiswahili mwanangu aliitwa mmawia na mwalimu wa somo mbele ya darasa. Wanafunzi wanamwita hivyo tangu mwezi fulani. Sasa anakataa kuja shule. Naomba mwalimu aelekezwe aache, wanafunzi waambiwe, na nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Nakala: Afisa Elimu Kata."

Usitukane, usiandike habari za mwaka juzi, weka ya sasa yenye tarehe. Toa fotokopi mbili. Unapopeleka omba wagonge mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe kwenye nakala yako, wakisema mhuri haupo aliyepokea aandike jina na asaini. Hiyo nakala weka na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bila hiyo ukifika kata wataambiwa hujawahi kulalamika na utakuwa huna la kusema.

Usipojibiwa nenda kwa Afisa Elimu Kata na hiyo hiyo nakala, halafu manispaa. Afisa Ustawi wa Jamii pia, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mtu yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, kwa hiyo hata jirani yako anaweza kwenda. Ikishindikana kabisa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina tawi Lindi mjini na kulalamika ni bure.

Na mtoto umpeleke mwenyewe shuleni hiyo wiki ya kwanza, mshike mkono mpaka mlangoni mwa darasa.

Swali: Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili nikaacha shule. Mtoto anaachishwa ziwa mwezi ujao nataka kurudi, mkuu wa shule anasema nafasi zimejaa niende VETA. Ni kweli siruhusiwi? *Binti, Ruangwa*

Jibu: Unaruhusiwa. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021, tangazo lake lilitolewa Novemba 24 mwaka huo, unawarudisha shuleni waliokatisha masomo kwa sababu yoyote, mimba ikiwemo, na sio lazima uende VETA wala madarasa ya nje ya mfumo, unachagua wewe. Mwaka 2022 pia Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kuwafukuza wasichana kwa mimba ilikuwa ni kuwabagua. Akisema zimejaa mwambie akuandikie kwamba zimejaa. Nenda na mzazi kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri na hiyo karatasi, akikataa kuandika mwambie afisa kwamba amekataa, taja tarehe, aidha akurudishe pale pale au akupangie shule nyingine. Usisubiri muhula uishe. Mtoto akiachishwa ziwa Jumapili we Jumatatu uwe ofisini.

Mjumbe wa Newala, mkimaliza rasimu yenu nitumie picha, nitaisoma yote.